Tofali la Kwanza

11 Februari

Shangazi mpendwa,

Kabla hata sijakusalimu, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Barua zako huwa sizifungui siku zinapofika. Naziweka chini ya mto nazilalia, wakati mwingine siku mbili, wakati mwingine wiki nzima. Napenda kujua kwamba maneno yako yamo mle ndani na bado hayajaisha. Nikishafungua yanaisha. Ndiyo maana majibu yangu huchelewa, na wewe umekuwa ukimlaumu karani wa posta bure.

Sasa shikamoo. Sisi wazima. Mama kazini amehamishiwa wodi ya watoto, na siku hizi anapika huku akiimba nyimbo za chekechea bila kujijua. Baba yuko na gereji yake kama kawaida. Hakuniambia nikupe salamu, lakini nilipomwomba stempu alikuwa nayo tayari kwenye pochi. Ningekupigia simu, ila najua yako bado imelala ndani ya pipa la udongo, na sidhani kama una mpango wa kuitafuta.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu wa Kiswahili alikuja darasani na kopo la chaki lenye vikaratasi. Kila mmoja wetu achomoe methali moja, atafute ilikozaliwa na maana yake, kisha mwezi wa saba asimame mbele ya shule nzima aeleze. Unanijua. Mimi hata nikiitwa jina kwenye mahudhurio naitikia kwa kichwa. Lakini nilipofungua kikaratasi changu nilisahau hofu, maana nimepata ile ya subira, ya mtu anayevumilia na kile kinachomngoja mwishoni. Imeandikwa hata kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, juu ya benchi ambalo wazazi hungojea. Kila mtu anaisema. Nani aliyeisema kwanza? Alikuwa anangoja nini? Nimekosa usingizi kwa raha.

Jioni hiyo nilimwuliza baba tukiwa mezani. Aliweka kikombe chini, akasema anakwenda kuangalia taa ya getini. Taa ya getini ilikuwa inawaka vizuri. Hakurudi mpaka chai yake ikapoa. Mama naye akaanza kufuta meza ambayo alikwisha kuifuta.

Basi nakuuliza wewe. Unafinyanga vyungu, na hakuna kazi ya kungoja kama hiyo. Methali hii ilianzia wapi? Na baba ameifanya nini?

Mtoto wa mdogo wako,
Kobe

3 Machi

Kobe wangu,

Marahaba. Kumbe ni wewe. Nilishamwambia karani wa posta maneno mazito, sasa itabidi nimpelekee kikombe cha kumwomba radhi, na nimchagulie kizuri. Mwanangu, jina la Kobe nilikupa kwa sababu ya ulivyokuwa ukipanda ngazi kwa kutambaa. Sikujua utalifanyia kazi kiasi hiki.

Mimi mzima. Mgongo unalalamika, nami nauacha ulalamike. Mvua imevuja kibandani ikaninyeshea udongo niliokuwa nimeukanda vizuri, nikaukanda upya. Paka wa jirani amezaa ndani ya chungu kikubwa ambacho mteja alikuwa anakuja kukichukua. Nimemwambia mteja chungu bado hakijawa tayari. Si uongo.

Kuhusu methali yako. Ni ya wafinyanzi, bila shaka yoyote, na wengine wote wametuibia. Sikiliza ukaandike. Vyungu vikishakauka kivulini tunavipanga ndani ya tanuri, tunaziba mlango kwa matofali, tunaukandika udongo, tunawasha kuni. Hapo hakuna kukaa. Unachochea, unatazama rangi ya moto, unachochea. Moto ukishamaliza kazi yake tunauacha ufe wenyewe, halafu ndipo inapoanza kazi ngumu, ambayo ni kutofanya kitu. Ukitoa tofali kabla tanuri halijapoa, hewa baridi inaingia na utasikia ti, ti, ti. Hiyo ni sauti ya vyungu vyako vikikuaga. Kwa hiyo mfinyanzi hukaa amekalia mikono yake. Mtu wa kwanza kuisema methali ile alikuwa amekalia mikono yake. Andika hivyo, na mwalimu akibisha mlete kwangu.

Hilo la baba yako kuinuka mezani, muulize mwenye miguu.

Kula vizuri. Ukiwa mbele ya watu tazama sikio la mtu wa nyuma kabisa, usitazame macho.

Shangazi yako

22 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Barua yako nimeilalia siku tatu tu, ujue najitahidi. Mama anakushukuru kwa habari za paka, ameisoma aya hiyo mara mbili. Baba aliiona bahasha juu ya meza, akaisogeza pembeni taratibu ili isimwagikiwe chai, akaendelea kula.

Shangazi, nina habari nyingi mpaka mkono unaukimbia mwandiko wangu. Nimekwenda kuuliza watu. Mimi. Kwa miguu yangu.

Nilianza na mwoka mikate wa kona ya shule. Kwa kuwa sikuweza kufungua mdomo, nilimwandikia swali kwenye karatasi nikampa pamoja na hela ya mkate. Akalisoma kwa sauti, mbele ya foleni nzima. "Binti anauliza methali ya subira ilizaliwa wapi. Ilizaliwa hapa, binti. Hapa, kwenye donge linaloumuka. Hebu lifunue kabla ya wakati wake uone kama halijanywea." Nilitaka kujificha nyuma ya gunia la unga. Lakini mshona viatu aliyekuwa nyuma yangu akaruka. "Achana na huyo. Gundi ndiyo mama wa subira. Kiatu nikikibandika leo mwenyewe anataka kukivaa leo, kesho soli inamtangulia barabarani." Mama mmoja mwenye mimba kubwa akawatazama wote wawili akasema, "Endeleeni tu kubishana kuhusu mkate na gundi, na mimi nimesimama hapa." Foleni nzima ilicheka, na mimi nikacheka, Shangazi, kwa sauti, mbele ya watu nisiowajua.

Siku zilizofuata sikuhitaji karatasi. Mpiga picha wa zamani aliniambia methali ilizaliwa gizani, kwenye chumba cha kusafishia picha. Mwenye duka la saa aliniambia ni ya mafundi saa, halafu akaniweka nimngojee mpaka nikasahau swali. Mkutubi alinitolea vitabu vitatu vya methali. Vyote vinayo, na hakuna hata kimoja kinachosema ilitoka kwa nani. Nilipokwenda kwa mwalimu nimenuna, alicheka. "Methali haina cheti cha kuzaliwa," alisema. "Itafute kwa watu wanaoitumia. Tazama wanaitumia lini, na kwa nani."

Ndipo nikamrudia mama. Alikuwa anakunja nguo. Nilimwuliza mara ya mwisho alipoisikia methali hiyo nyumbani kwetu ni lini. Akasema, bila kuinua kichwa, "Siku ya kumzika bibi yako. Shangazi yako alimwambia baba yako mbele ya watu." Kisha akashtuka, kama mtu aliyeangusha sahani, akasema nisimwulize zaidi.

Sitamwuliza yeye. Nakuuliza wewe. Bibi alipofariki nilikuwa bado nabebwa. Najua tu kwamba yeye ndiye aliyekufundisha ufinyanzi, na kwamba tangu hapo wewe na baba mnapitishia salamu kwangu bila kuziandika. Ilikuwaje?

Kobe wako

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii imechelewa na safari hii karani hahusiki. Nilianza mara kadhaa, karatasi nikazitumia kufunikia vikombe.

Mimi mzima. Watoto wa paka wamefungua macho. Mteja wa chungu amechukua chungu pamoja na paka mmoja ndani yake, anasema aliona ni bei moja.

Nitakueleza mara moja tu.

Bibi yako alipougua, mikono yake ilikuwa imeanza kuchoka lakini haikukubali kulala. Alifinyanga mtungi mmoja wa mwisho akiwa amekaa kitandani, mimi nikimgeuzia kibao. Mkono wa mtungi aliubandika kwa kidole gumba, na alama ya kidole ikabaki pale chini, kama alivyofanya maisha yake yote. Tuliuchoma pamoja na vyungu vyangu. Moto ulipokufa nilimwachia mdogo wangu, yaani baba yako, alinde tanuri. Mimi nilikwenda mjini kutafuta daktari. Nilimwambia kwa kinywa changu, asiguse tofali mpaka kesho yake.

Niliporudi na daktari, mlango wa tanuri ulikuwa wazi. Vyungu vyote vimepasuka. Mtungi wa mama vipande vipande. Nilimwuliza kwa nini, akatazama chini. Mama alifariki alfajiri iliyofuata.

Siku ya mazishi, watu wamejaa uani, nilisimama nikamwambia methali yako ile, yote, kwa sauti ya kila mtu kusikia. Sikuongeza neno, haikuhitajika. Alichukua mfuko wake wa vifaa akaondoka.

Mimi ndiye mkubwa. Mdogo ndiye wa kuanza. Ningemsikiliza, Kobe. Kila gari likisimama nje ya kibanda nainua kichwa. Nimengoja na bado nangoja, subira ninayo, nimezaliwa nayo.

Umetaka kujua methali inatumika lini na kwa nani. Sasa unajua.

Shangazi yako

30 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, mama pia, na bafu la juu linavuja kwa sababu fundi bomba alisema anakuja kesho na kesho hiyo bado haijafika.

Barua yako niliilalia usiku mmoja, na baada ya kuisoma nilijuta hata huo mmoja.

Jumapili baba alikuwa uani anatengeneza baiskeli yangu. Nilikaa juu ya ndoo, nikamshikia spana. Nilitazama sikio lake, kama ulivyonifundisha, nikasema, "Baba, kwa nini ulifungua tanuri?"

Alizungusha pedali mara mbili. Kisha akasema, akiiambia ile baiskeli, "Mama aliniomba."

Nakuandikia alivyosema, sijaongeza. Ulipoondoka kwenda mjini, Bibi alimwita. Akamwambia, "Nifungulie nione." Baba akasema tanuri bado la moto, dada amekataza. Bibi akasema, "Dada yako ana kesho. Nifungulie." Baba alifungua. Alivisikia vikilia kimoja kimoja. Akauondoa mtungi kwa koleo, ukapasuka kabla hajautua, akampelekea Bibi kile kipande chenye mkono na alama ya kidole. Bibi alikishika kikiwa bado kina joto, akakigonga kwa ukucha asikilize, akasema, "Umeiva vizuri." Alikilalia mpaka usiku.

Nikamwuliza baba kwa nini hakukuambia. Akasema, "Ningesema nini? Dada amesimama analia, mama ndani ya jeneza. Nimwambie mwenye kosa ni yule?" Halafu akasema kwamba alidhani utamwita siku moja umwulize vizuri, mkiwa wawili. Alisema anangoja, haoni haraka. Nilimwuliza kama naweza kukuandikia haya. Alikaza nati ya mwisho, akanawa mikono, akatoa pochi, akanipa stempu.

Shangazi, sasa nitasema jambo, na uniwie radhi kwa kuwa mimi ni mtoto. Nimekuwa nikidhani nafahamu subira kuliko wote, mimi ninayelalia barua. Lakini nimeisoma tena barua yako ya mwezi wa tatu. Ulisema kuna kufinyanga, kukausha, kuwasha, kuchochea, na baada ya hayo yote ndipo mtu anakalia mikono yake. Wewe unangoja na baba anangoja. Mnakalia mikono mbele ya tanuri moja, wewe upande huu na yeye upande ule, na hakuna hata mmoja aliyeliwasha. Litatoa nini? Hata likingojewa mpaka mimi nizeeke litatoa nini?

Nadhani mimi pia nilikuwa hivyo. Nilikuwa naogopa watu, nikaita kuogopa kwangu subira kwa kuwa jina hilo lina heshima.

Naipeleka posta sasa hivi kabla sijaichana.

Kobe

14 Juni
(juu ya bahasha, kwa herufi kubwa: KOBE, HII USIILALIE. FUNGUA HAPOHAPO ULIPOSIMAMA.)

Mwanangu,

Salamu zangu kwenu nyote, na fundi bomba mwambieni namjua mama yake.

Barua yako niliisoma na mikono ya udongo, imechafuka yote, nimeianika kwenye kamba pamoja na nguo. Jirani ameniuliza kama nimefiwa au nimeolewa. Nimemwambia anikatie kuni.

"Dada yako ana kesho." Ni yeye kabisa. Nimeisikia sauti yake ndani ya maneno hayo, hata ile namna yake ya kukuamuru kana kwamba anakuomba. Aliugonga kwa ukucha. Kumbe aliusikia ukilia. Muda wote huu nimemlilia mtu aliyekufa bila kuuona mtungi wake, na yeye aliulalia.

Nilimtupia mdogo wangu maneno ya wazee kama jiwe, kisha nikakaa kungoja yeye anirudie. Sitasema zaidi hapa. Mengine ni yake, nitamwambia akiwa mbele yangu.

Nimefinyanga mtungi. Umbo la mama, nimelikumbuka kwa viganja, macho yalikuwa yamelisahau. Unakauka. Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili nawasha tanuri. Litapoa mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, nimelipa muda wa ziada lisiwe na kisingizio. Tofali la kwanza sitoi mimi. Tofali la kwanza ni la mdogo wangu. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo. Na asipokuja Jumamosi nitangoja, lakini ajue kwamba safari hii moto umewashwa.

Shangazi yako

Ijumaa, 26 Juni, kituo cha mabasi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama mzima, anakusalimu kwa wimbo wa bata. Barua hii utaisoma sisi tukiwa tumekaa kibandani kwako, maana itafika baada yetu. Nakuandikia hivyohivyo, kwa sababu mbele yako nitaona haya na nitakuambia nusu tu.

Barua yako ilikaa ofisini shuleni, karani wa shule alikuwa likizo. Jana wakati wa hesabu mlinzi aliileta darasani, akasema, "Hii ya Kobe imeandikwa kama tangazo la moto." Darasa zima lilicheka. Niliifungua palepale. Nilipofika kwenye neno Jumamosi nilinyoosha mkono. Mwalimu wa hesabu alitazama nyuma yake kuona ni nani ninayemnyooshea. Nikasimama nikasema, "Mwalimu, naomba ruhusa, nina ujumbe wa kumpa baba yangu na siku zimekwisha." Akaniruhusu. Nadhani angeniruhusu hata ningeomba kiti chake, kwa mshangao.

Nilikimbia mpaka gereji. Mafundi walikuwa wengi na mashine ya upepo ilikuwa inapiga kelele. Mmoja akasema, "Binti wa bosi, leo umepotea? Maktaba iko kule." Nikauliza baba yuko wapi. Akanionyesha lori. Baba alikuwa chini yake, inaonekana miguu tu.

Uliniambia nimuulize mwenye miguu. Basi nilisimama mbele ya miguu nikaisomea. Nilianza kwa sauti yangu ile ya darasani, miguu ikaendelea kuchezacheza. Nikasoma kwa sauti zaidi. Fundi wa mashine ya upepo akaizima, wengine wakanyamaza, na mimi nikajikuta nasoma barua yako mbele ya gereji nzima, neno kwa neno, mpaka "aliulalia". Hapo miguu ilitulia. Niliposoma "tofali la kwanza ni la mdogo wangu" hakuna aliyecheka.

Baba akajivuta akatoka chini ya lori. Alikuwa na grisi usoni na aliifuta pamoja na machozi, ikawa mbaya zaidi. Akauliza, "Jumamosi ipi?" Nikasema, "Hii." Akauliza, "Yaani keshokutwa?" Nikasema ndiyo. Fundi mmoja mzee akamwambia, "Bosi, lori halina miguu, utalikuta." Akanawa mikono mara tatu.

Leo asubuhi mama alitufungia mkate na chai ya chupa, akatusindikiza hadi hapa. Baba amevaa shati la sikukuu. Kwenye mfuko wake wa vifaa nilimwona akiweka glavu nene, akazitoa, akazirudisha. Tangu tufike kituoni ameniuliza swali moja tu. "Una hakika tutakuta limepoa?"

Nilimwambia tutaweka kiganja juu ya tofali, na kama bado lina joto tutangoja wote watatu, palepale mlangoni.

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha nilimwomba stempu, akanipa, nikaandika anwani yako.

Kobe